Miezi minane na kamera sebuleni kwa Mama: uzoefu wangu

Mama yangu ana miaka 78, anaugua Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, na tunaishi naye Tabata, Dar es Salaam. Mimi hushinda kazini eneo la Posta, katikati ya jiji, na anayebaki naye ni dada mmoja tuliyemwajiri kumtunza. Mapema mwaka huu nilinunua Kariakoo kamera mbili ndogo za ndani, zile zinazounganishwa na Wi-Fi na kutazamwa kwenye simu, kila moja kwa shilingi 75,000. Moja niliifunga sebuleni, juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo meza ya chakula na mlango wa kutokea uani huonekana vizuri.

Wiki ya kwanza nusura nimfukuze dada yule bila kosa. Ilikuwa saa 11 jioni, wakati ambao Mama, kama wagonjwa wengi wa aina hii, huanza kuhangaika na kudai anataka kurudi kwao. Simu ilinipa taarifa, nikafungua, nikaona dada amemkamata Mama kifundo cha mkono na kumvuta kwa nguvu. Picha zilidumu sekunde 12 tu. Nilifika nyumbani nimefura kwa hasira, naye akanijibu kwa upole, “Kaka, bibi alikuwa ameshainamia jiko la mkaa pale mlangoni.” Nilipoitazama khanga ya Mama, pindo lake lilikuwa limeungua.

Nilikuwa nimeiseti kamera irekodi pale tu inapohisi mwendo, na kumbe huanza kurekodi baada ya mwendo wenyewe kuanza, kwa hiyo sekunde zilizokosekana ndizo zilizobeba ukweli wote. Kosa langu kubwa zaidi ni kwamba dada hakujua kama kuna kamera. Nilimwomba radhi mbele ya mke wangu, nikamwonyesha inapotazama na isipotazama, na tangu siku hiyo inarekodi mfululizo kwenye kadi ya GB 64, ambayo hutosha siku tano hivi kabla ya kuanza kufuta za zamani. Anayenunua kifaa hiki kwa ajili ya mgonjwa aanze na mpangilio huo.

Faida kubwa niliyoipata sikuitarajia. Kwa muda mrefu Mama alikuwa hamalizi uji wa asubuhi, nasi tuliamini hana hamu ya kula. Tulipokaa na dada jioni moja tukatazama rekodi za siku tatu, tuliona kijiko kikishuka pembeni ya bakuli, kikigonga meza, kikirudi mdomoni kitupu. Uji ulikuwa mweupe, bakuli jeupe na kitambaa cha meza cheupe. Ugonjwa huu hudhoofisha uwezo wa kutofautisha vitu vyenye rangi zinazokaribiana. Tulinunua bakuli jekundu, na mara nyingi sasa Mama humaliza mwenyewe.

Kipaza sauti cha kamera sikipendekezi hata kidogo. Nilikitumia mara moja kumsalimu Mama nikiwa ofisini, naye akatetemeka akiitafuta sauti ya mwanawe ukutani. Taa ndogo nyekundu za usiku nazo zilimtia hofu kwamba kuna mtu anamchungulia, hivyo usiku tunaizima kamera. Umeme ukikatika ruta huzimika na simu haionyeshi chochote, kwa hiyo hata ukiwa na kamera kumi, usalama wa mgonjwa unabaki mikononi mwa aliye karibu naye.

Ndugu kadhaa waliniomba niwarushie picha kwenye kundi la familia ili “wamwone Mama”. Nilikataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini hata bila sheria hiyo nisingekubali mama aliyetulea kwa heshima aonekane na watu 40 akiwa amevaa blauzi kinyume, ilhali hawezi tena kusema anataka au hataki.

Kamera ya pili, niliyokusudia kuiweka chumbani kwake, bado imo ndani ya boksi. Dada nimemwongezea siku ya pili ya mapumziko kila wiki, na siku hiyo Mama nakaa naye mimi.