Hita inayovuta joto la hewani: mashine sina ugomvi nayo, ila fundi!

Jamani leo niacheni niseme. Tulihamia Goba mwaka jana mwishoni huko, nyumba mume wangu kaisimamia isile umeme, dari limewekwa sufi, madirisha yanabana mpaka kelele za bodaboda huzisikii. Kwenye maji ya moto nikashawishiwa niachane na hita ya koili nichukue hii inayovuta joto la hewani, ni kama friji iliyogeuzwa, eti kwa yuniti 1 ya umeme unapata joto la kama yuniti 3. Na joto Dar tunalo la kugawa, nikaona hii ndo yetu.

Mara LUKU ikaanza kuyeyuka. Nanunua Jumatatu, Alhamisi mita inapiga kelele. Nikaenda stoo ilikofungwa hiyo hita, kufungua mlango napigwa na baridi ya Makete, sakafuni maji, sembe yangu kiroba kizima imeshikana mabonge.

Fundi kapigiwa simu wiki mbili ndo akaja, kaingia na viatu kwenye zulia, hata kuinama hakuinama, "mama, nyie mnaoga sana." Sisi? Mama mkwe wangu mwenye magoti yake anaoga ndoo moja! Akajibu, "basi punguzeni wageni." Mama mkwe yupo sebuleni anasikia, yaani nilitetemeka. Nikaapa mtu asinunue hiki kitu kamwe.

Kijana wa mtaani anayetengeneza AC ndo kaja kucheka. "Shangazi, hii inakunywa hewa iliyoitapika yenyewe." Stoo ndogo, mlango una mpira chini, joto likiisha humo ndani mashine inashindwa, inawasha elementi yake ya umeme, hapo si sawasawa na koili tu! Katoboa mlango juu na chini akaweka luva za kupitisha hewa, baridi inayotoka kaipeleka nje kwa bomba, yale maji kayawekea mpira mpaka kwenye karo, moto kaushusha toka nyuzi 65 hadi 55 maana ukidai maji ya moto sana inahangaika zaidi.

Sasa yuniti zinakaa, sibishi. Nunueni tu, au msinunue kama hamna fundi mwenye akili, sijui, mimi bado nina hasira na ile sembe.

Jana yule fundi wa kwanza kanitumia meseji, "mama, sevisi imefika, nipite lini?" Nimemjibu aje na kiroba cha sembe, na viatu avue.