Uzoefu wangu: Furushi la Penny Red 200 zenye mihuri ya namba

Tangazo kwenye mnada wa mtandaoni lilisema: Penny Red 200, mihuri ya namba mchanganyiko, misalaba ya Malta 10 ndani yake, zote za kabla ya 1854. Penny Red ni stempu nyekundu ya peni moja ya Uingereza yenye uso wa Malkia Victoria; namba na misalaba ni mihuri ambayo posta iliipiga juu ya stempu ili isitumike tena. Nililipa pauni 70 pamoja na usafiri. Kwa upande wa namba sina lawama. Misalaba ndiyo imenipotezea imani.

Kuanzia Mei 1844 ofisi za posta za Uingereza zilipewa mihuri ya namba, kila ofisi na yake, na umbo la muhuri hukuambia nchi kabla hujasoma tarakimu: duaradufu ya mistari kwa England na Wales, mstatili kwa Scotland, almasi kwa Ireland. Wageni hujikwaa kwenye London, kwa sababu Inland Branch ya huko (idara ya barua za ndani ya nchi) nayo ina almasi. Tofauti ni kwamba ya London imeizunguka namba na kukaa ndani ya duaradufu, ilhali ya Ireland imeundwa na mistari yenyewe inavyofupika kuelekea juu na chini. Stempu ni ndogo na mara nyingi muhuri umeingia nusu tu, hivyo angalia ncha za mistari. Zikifuata mkunjo, ni duaradufu. Zikiteremka kwa unyoofu, ni almasi. Zikilingana, ni mstatili.

Umbo likikosewa, mji nao umekosewa, maana kila nchi ilihesabu namba zake kivyake. Ndani ya furushi nimepata 131 ya Edinburgh, 159 ya Glasgow, 186 ya Dublin, 62 ya Belfast, na 498 ya Manchester hadi nikachoka nazo. Angalia pia namba zinazosomeka juu chini. 186 ikigeuzwa inakuwa 981, na uso wa malkia haukusaidii kwa sababu karani alipiga muhuri vyovyote mkono ulivyokwenda. Itazame tarakimu 1 kwa lenzi ya mara 10: ina kikono kwa juu na mguu mpana kwa chini. Zile za 6 na 9 peke yake, kama 66 na 99, ziweke kando kwanza.

Stempu kama 60 hivi zilikuja bado zimeshikana na vipande vya bahasha. Usizitupe majini zote! Tangu 1853 ulikuwapo muhuri pacha, yaani duara lenye mji na tarehe upande mmoja, namba upande wa pili. Namba huangukia stempu, tarehe hubaki kwenye karatasi. Ukiibandua, umebaki na namba isiyo na siku. Vipande vya namna hiyo nimevikata kwa mkasi nikiacha nafasi ya kutosha kuzunguka mihuri yote miwili, nikavihifadhi hivyo hivyo. Zilizobaki nimeziloweka kwenye maji ya vuguvugu dakika 15 hadi 20, bila kuzivuta. Gundi ikilegea stempu huteleza yenyewe. Kisha ni kibano, karatasi ya kufyonza maji, na kitabu kizito juu yake usiku kucha.

Muuzaji aliongeza Penny Lilac 12, stempu za peni moja za zambarau, kama zawadi. Hizo za 1881 usiziloweshe kabisa, wino wake hukimbia majini. Penny Red zilichapwa kwa mabamba ya kuchongwa na zinastahimili maji.

Sasa misalaba. Ilitumika kuanzia Mei 1840 hadi namba zilipochukua nafasi yake 1844. Wino wa kwanza ulikuwa mwekundu, na maelekezo ya posta yalikuwa kuchanganya ratili moja ya wino wa wachapaji, painti moja ya mafuta ya kitani na nusu painti ya mafuta ya zeituni. Watu waligundua kuwa unafutika, wakazitumia stempu upya, ndiyo maana mwaka 1841 posta ilihamia wino mweusi na stempu, iliyokuwa nyeusi, ikawa nyekundu. Katika kumi zangu, mbili zina vitundu vya kuchania pembeni. Vitundu vilianza kuuzwa 1854, miaka kumi baada ya msalaba kustaafu! Nyingine chini ya taa ya urujuanimno ilionyesha mkwaruzo wa kalamu (stempu iliwahi kufutwa kwa kalamu badala ya muhuri) uliosafishwa, kisha msalaba ukapigwa juu kufunika kidonda. Wino wake unang'aa, mistari imelingana kama ya mashine, na nyuma ya karatasi ni kweupe. Saba zilizobaki zina kile ninachokitafuta: wino umerundikana kwenye kingo, katikati umepauka, na nyuma kuna kivuli cha mafuta yaliyozama.

Zenye vitundu kwa jumla zilikuwa 31, kinyume cha tangazo. Kwa mpenzi wa mihuri hilo si baya sana, ila anayekusanya stempu zisizo na vitundu angekasirika. Nilipotuma picha za misalaba mitatu, muuzaji alirudisha pauni 9 bila ubishi, ingawa lile tangazo hadi leo halijarekebishwa.

Ufungaji ulikuwa wa kuridhisha: bahasha za karatasi laini kati ya kadi mbili ngumu, hakuna iliyokunjika. Namba nitazinunua tena kwake. Misalaba, hapana, nitasubiri iliyo bado juu ya barua nzima yenye muhuri wa tarehe, kwa kuwa msalaba wenyewe hauna tarehe.