Vijiti vya kupima risasi kwenye rangi: vizuri kwa mlango wa mbao, vibovu kwa ukuta

Anayetaka kukwangua milango na madirisha ya nyumba kongwe anahitaji kujua kwanza kama rangi ina risasi, metali yenye sumu (lead). Vijiti vya aina ya LeadCheck vinajibu papo hapo. Bonyeza alama A na B hadi vichupa vya ndani vipasuke, tikisa, minya mpaka pamba ilowe maji ya manjano, kisha sugua kwa sekunde 30. Pamba ikigeuka waridi au nyekundu, risasi ipo.

Kazi yenyewe iko kwenye kisu. Mlango wa zamani una matabaka mengi, na risasi hukaa yale ya chini. Ukisugua juu juu umepima rangi ya juzi tu. Chonga mshazari mpaka mbao ionekane, matabaka yote yajipange, kisha upime hapo. Rangi ya juu ikiwa nyekundu, kuwa macho: huchujuka na kuipaka pamba, ukadhani ni risasi.

Kwenye lipu ya jasi hatuvipendekezi. Salfeti, kemikali iliyomo kwenye jasi, huinyang'anya dawa ya kijiti risasi, na kijiti kinasema "hakuna" wakati ipo. Rangi za manjano zenye kromati ya risasi nazo huchelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo usifute alama haraka. Kila jibu la "hakuna" lihakikishe kwa kadi yenye nukta ya risasi inayokuja ndani ya pakiti: gusisha kijiti hichohicho, na nukta isipogeuka nyekundu, kipimo hicho hakihesabiki.

Tena, usivitumie kuthibitisha rangi mpya ya dukani. Marekani vilikubaliwa kwa kiwango cha asilimia 0.5, yaani sehemu 5,000 kwa milioni, ilhali Kenya kikomo cha rangi mpya ni 90. Hiyo ni kazi ya maabara. Asbesto ya paa au dari vijiti hivi havipimi kabisa.

Kampuni ya 3M iliacha kutengeneza LeadCheck mwaka 2023, hivyo ukikuta pakiti mtandaoni angalia kwanza tarehe ya mwisho. D-Lead ni mbadala, ila hatua zake ni nyingi zaidi.

Kijiti kikiwa chekundu, msasa mkavu na mashine ya kusaga viwekwe kando. Tandika nailoni chini, lowesha kabla ya kukwangua, vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini (P100 au P3), na watoto wasiingie hadi vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi.