Equilab: inajua karata, haijui zawadi

Equilab ni programu ya bure ya kompyuta za Windows iliyotolewa na PokerStrategy, na kazi yake ni moja: unaiwekea mkono wako, yaani karata zako mbili, na fungu la mikono unayodhani mpinzani anayo, inakwambia utashinda mara ngapi katika mia. Kwa anayecheza mashindano ya poka, swali kubwa la kuiuliza ni lile la mpinzani kusukuma chipu zake zote katikati. Uite, yaani ulipe kiasi hicho uendelee, au utupe karata? Nusu ya jibu inaitoa vizuri sana. Nusu ya pili haimo kabisa, na wengi wanaoitumia hawalitambui hilo.

Kabla ya kuifungua, tafuta kwanza bei ya kuita, yaani asilimia ya ushindi unayohitaji ili kuita kulipe, maana hesabu hiyo programu haikufanyii. Blaindi, yaani dau la lazima la wachezaji wawili, ni 500 na 1,000, na blaindi kubwa pia inalipa ante, dau jingine la lazima, ya 1,000. Wote wametupa isipokuwa mgawaji, aliyesukuma 10,000. Wewe ndiye blaindi kubwa na chipu zako zinamzidi. Katikati kuna 500 + 1,000 + 1,000 + 10,000, yaani 12,500. Kuita ni 9,000, maana 1,000 ya blaindi umeshaiweka. Gawa 9,000 kwa 21,500 (hizo 12,500 na 9,000 zako): unahitaji asilimia 41.9. Watu hukosea hapa kwa njia mbili. Wengine huhesabu blaindi waliyokwisha kuweka kama bado ni yao, wakati imeshaingia mezani. Wengine, wakiwa na chipu 10,000 mbele ya mtu aliyesukuma 30,000, huziingiza zote 30,000 kwenye hesabu; zile 20,000 za ziada hazigombaniwi, zinarudi kwa mwenyewe.

Sasa ndani ya programu. Safu za wachezaji zimepangwa kwa nafasi za mezani. Kwenye safu yako andika mkono wako, kwenye ya mgawaji andika fungu lake, kwa mfano 22+, A2s+, A2o+, yaani jozi zote na kila mkono wenye A, karata ya juu kabisa (zinazofuata ni K, Q, J na T, yaani 10). Herufi s ni karata za aina moja, kama kopa na kopa. O ni za aina tofauti. Badala ya kuandika unaweza kubofya kwenye jedwali la mikono 169, na hapo ndipo programu hii inapofundisha hata bila kukusudia. Mikono 169 si sawa kwa uzito: jozi moja ina michanganyiko 6, mkono wa aina moja 4, wa aina tofauti 12, jumla 1,326. Fungu letu la jozi na A lina michanganyiko 270, asilimia 20.4. Ukishika A wewe mwenyewe, AA ya mpinzani inashuka kutoka michanganyiko 6 hadi 3, na AK yake kutoka 16 hadi 12. Equilab inaondoa karata hizo yenyewe.

Mtego mkubwa ni kile kitelezi cha asilimia. Unakivuta hadi 20, jedwali linajaa rangi, unaona kazi imekwisha. Lakini kitelezi kinachagua mikono kwa mpangilio wa nguvu: kinaleta KJ na KT, kinaacha A2 ya aina tofauti na jozi ndogo. Mchezaji wa kawaida mwenye chipu chache hufanya kinyume: A yoyote anasukuma, KT anaitupa. Ukiwa na KQ, mafungu hayo mawili yenye asilimia ileile ni dunia mbili. Dhidi ya la kitelezi unazikuta KJ na KT, ambazo unazipiga karibu mara tatu kati ya nne. Dhidi ya jozi na A uko nyuma karibu kila mahali. Jaza jedwali kwa mkono, hifadhi fungu, lipe jina.

Kuhusu namna ya kuhesabu, kuna ya kupitia michanganyiko yote na kuna ya kubahatisha sampuli. Tofauti zao ni sehemu ndogo za asilimia. Kosa lako katika kukisia fungu ni kubwa zaidi ya hapo.

Tatizo linakuja karibu na zawadi. Wamebaki wachezaji wanne, wanalipwa watatu: shilingi 50,000, 30,000 na 20,000. Kila mmoja alianza mkono na chipu 5,000, blaindi 250 na 500, hakuna ante. Wawili wametupa, blaindi ndogo amesukuma zote, wewe ni blaindi kubwa. Kwa chipu, unalipa 4,500 kugombea 10,000: asilimia 45. Equilab ikikuonyesha 55, utaita huku unatabasamu.

Piga hesabu kwa fedha, kwa mfumo unaoitwa ICM, unaogeuza chipu kuwa uwezekano wa kumaliza nafasi ya kwanza, ya pili au ya tatu. Ukitupa unabaki na 4,500, ambazo thamani yake ni takribani sh 23,340. Ukiita na kushinda una 10,000 na mmoja ametoka: sh 38,330, si mara mbili ya ulichokuwa nacho. Ukishindwa, sifuri. Gawa 23,340 kwa 38,330: unahitaji karibu asilimia 61. Hata kama jamaa anasukuma bila kutazama karata zake, jozi ya 5 inashinda takribani asilimia 60.3 tu dhidi ya karata zozote mbili, kwa hiyo inatupwa. Jozi ya 6, yenye asilimia 63 na kidogo, inaitwa. Mkono ambao kwa chipu ni wa kuita bila kufikiri, kwa fedha ni hasara.

Equilab haina sehemu ya kuandika zawadi. Ukitaka asilimia hiyo bila kutoa jasho, kikokotoo cha bure cha tovuti ya HoldemResources kinapokea blaindi, chipu za kila mtu na mgawanyo wa zawadi, kisha kinatoa mafungu ya kusukuma na ya kuita. ICMIZER inafanya hayo na zaidi ndani ya kivinjari, ila kwa matumizi ya kila siku utalipia. Kumbuka vikokotoo hivi kwa kawaida hudhani kila mtu anacheza kwa usawa kamili, yaani bila kosa la kutumiwa na mpinzani. Mpinzani wako akisukuma kwa kubana kuliko hapo, rudi Equilab na fungu lake halisi, ukilinganisha na 61 badala ya 45.

Yote haya ni ya baada ya mchezo. Tovuti za poka zina orodha za programu zinazoruhusiwa mezani, na kufungiwa akaunti si jambo la kubahatisha. Katikati ya wiki, chukua mikono mitano uliyoita au kutupa ukiwa na mashaka, andika bei ya kuita kwa kalamu kwanza, halafu ndipo ufungue programu.