systemd inapokunyima ruhusa: uzoefu wangu na systemctl na journalctl

Naendesha seva za Linux za wateja wadogo wadogo, nyingi ni AlmaLinux na Debian (aina mbili za Linux), na kote huko anayewasha huduma, yaani programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia, ni systemd. Unaiamuru kwa systemctl, na logi (kumbukumbu za matukio) unazisoma kwa journalctl. Mafundi wengi hawaipendi, wanasema imejitwika mambo mengi mno. Sibishani nao. Ila huduma inapogoma kuwaka kwa sababu ya ruhusa, sijaona chombo kinachosema wazi kama hiki kwamba huduma imekwama hatua ipi, mradi usome.

Kwanza ujue aliyekataliwa ni nani. Ukiandika `systemctl start nginx` (kuwasha nginx, seva ya wavuti) bila sudo, amri inayokupa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mashine, ukajibiwa "Access denied" au "Interactive authentication required", huduma haijaguswa, umekataliwa wewe. Weka sudo mbele, yameisha.

Ikigoma hata kwa sudo, nenda `systemctl status` utafute namba. 217/USER: mtumiaji uliyemtaja kwenye mstari wa User= wa faili la huduma (maelekezo ya kuiwasha) hayupo. 200/CHDIR: imeshindwa kuingia kwenye WorkingDirectory, folda ya kufanyia kazi. 203/EXEC: imeshindwa kuiendesha programu yenyewe. Ukikuta status=1, kwa kawaida systemd imeshamaliza kazi yake na programu ndiyo iliyolalamika, kwa hiyo malalamiko yenyewe utayakuta kwa `journalctl -u jina -e`.

Hiyo 203 ndiyo iliyonifanya niiheshimu systemd. Mteja mmoja alikuwa na programu ya stoo kwenye AlmaLinux. Ukiiwasha kwa mkono inaruka vizuri, ukiiwasha kwa systemctl unapata "Permission denied". Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshaipiga chmod 777 (ruhusa zote kwa kila mtu), dawa ile ya kila ugonjwa, na bado. Namba ikaniambia kosa halimo ndani ya programu wala kwenye hifadhidata, maana programu haikufika hata kuanza. `ls -Z` ikaonyesha lebo ya SELinux (ulinzi wa ziada wa Linux unaoamua kwa lebo za mafaili), user_home_t: faili lilizaliwa kwenye folda ya nyumbani, likahamishiwa /usr/local/bin kwa mv, amri ya kuhamisha, na mv huhama na lebo ya zamani ya faili (cp, ya kunakili, kwa kawaida huchukua ya pale linapofikia). SELinux haikubali systemd iendeshe kitu chenye lebo hiyo. Nikapitisha `restorecon -v`, inayorudisha lebo sahihi, juu ya faili, huduma ikawaka. Hakuna aliyelazimika kuzima SELinux, ingawa nusu ya ushauri unaozunguka mitandaoni ndio huo.

Poti, yaani namba za milango ya mtandao, nazo zina lao. Chini ya 1024, kwa kawaida mtumiaji asiye root hazipati, ndiyo maana unakutana na "bind() to 0.0.0.0:80 failed (13: Permission denied)". Wengi huishia kuendesha programu nzima kama root. Mimi naongeza mstari mmoja kwenye faili la huduma, `AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE`, unaoipa huduma ruhusa ya poti hizo tu, halafu daemon-reload (systemd isome faili upya) na restart. Setcap, inayobandika ruhusa hiyo kwenye faili la programu, nayo inafanya kazi, lakini ukiweka toleo jipya la programu ruhusa inapotea na faili la zamani, na simu ya mteja inaita usiku.

Sasa lawama zangu. Kuna ProtectHome=yes, mstari wa faili la huduma ambao huifungia huduma folda za /home. Ni ulinzi mzuri, lakini programu ikigonga ukuta huo inapata "Permission denied" ileile ya kawaida, na journalctl haisemi kwamba ukuta ulijengwa na systemd yenyewe. Unakagua chmod, unakagua chown (mmiliki wa faili), unapitisha `namei -l` kwenye njia nzima kuona ni folda ipi ya juu iliyokosa x (ruhusa ya kupita), kila kitu safi. Jibu liko kwenye `systemctl cat`, inayotoa faili la huduma pamoja na nyongeza zake zilizofichwa kwenye folda za .d. Siku hizi naanza na hiyo kabla sijagusa chmod.

Nyota nne kwa tano. Ya tano naibakiza mpaka systemd iandike kwenye logi kuwa mlango umefungwa na ProtectHome.