Morakniv Companion: kisu kizuri cha kufumua na kuunda upya

Anayeanza kutengeneza visu nyumbani hashindwi mapema na kuchonga mpini wala kushona ala. Anashindwa na moto. Kukipasha chuma mpaka kiwe chekundu, kukizamisha kwenye mafuta, kisha kukipasha tena kwa joto la chini ili kisiwe kikavu cha kupasuka kama kigae, ni kazi inayotaka vifaa na mazoezi ya muda mrefu. Hapo ndipo Morakniv Companion ya chuma cha kaboni inapojipatia sifa zake. Kazi ya moto imeshafanyika kiwandani, Mora nchini Uswidi, na ugumu unaotajwa ni 58 hadi 60 kwa kipimo cha Rockwell. Bapa liko tayari. Mpini, mgongo, ala na rangi ya chuma ndivyo vinavyokungoja.

Bapa lina urefu wa sentimita 10 na kidogo, na unene wa takriban milimita 2. Makali yamepigwa mteremko mmoja mpana kila upande, mtindo wa Skandinavia, unaoshuka moja kwa moja toka ubavuni hadi kwenye ukali. Mteremko wa milimita 5 kwenye bapa la milimita 2 unakupa pembe ya jumla ya nyuzi 23 hivi, nayo ni pembe kali sana. Kwa kuchonga mti laini kisu hiki ni raha tupu. Kwa mti mgumu, fundo au mfupa, ukali huo hujikunja au kumeguka. Uelekeze kwenye taa, makali juu: sehemu nzima haionekani kabisa, lakini palipomeguka panameta kama punje ya chumvi. Dawa yake ni kukiinua kisu hadi nyuzi 15 kila upande kwenye kinoo laini, ukipitisha mara 4 au 5 bila kukandamiza. Usitafute zaidi ya hapo, maana ukizidisha utakuwa umeutupa mteremko wenyewe uliokufanya ukichague kisu hiki.

Mgongo huja bila kona kali, hivyo haukwangui mti vizuri wala haurushi cheche kwenye kijiti cha chuma cha kuwashia moto, kile kinachokwanguliwa ili kitoe cheche. Kuurekebisha ni rahisi, ila tupa ya kawaida itateleza tu kwa sababu ugumu wa chuma unaukaribia ule wa tupa yenyewe, na utaharibu meno yake bure. Bandika msasa namba 120 kwenye kipande cha kioo, funga makali kwa utepe, kisha sugua mgongo huku ubavu wa bapa umeegemea kipande cha mbao kilichokatwa pembe mraba. Fanya sentimita 4 tu za karibu na mpini, mbele kidogo ya mahali dole gumba linapokaa. Wanaonyoosha mgongo mzima hujuta siku ya kwanza ya kuchonga, kwani kona hiyo inakata ngozi ya dole. Kipimo ni kukwangua tawi kavu: mgongo uliokaa sawa unatoa nyuzi laini kama pamba, na usiokaa sawa unatoa vumbi.

Ukitumia mashine ya msasa, kumbuka kwamba ugumu wa chuma hiki unaanza kupotea joto likipita nyuzi 200 za Selsiasi. Rangi ya manjano hafifu ni onyo. Ikifika buluu, hapo ni karibu nyuzi 300 na makali ya sehemu hiyo yameshalegea; hakuna kinoo cha kuyarudisha. Shika bapa kwa mikono mitupu bila glavu, chovya kwenye maji kila baada ya kupitisha mara moja, na likianza kuchoma vidole, acha. Karibu na ncha chuma ni chembamba na joto halina pa kukimbilia, kwa hiyo hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Sasa mpini. Ule wa plastiki na mpira unashikika vizuri hata mkono ukiwa na maji, na haupasuki. Anayetaka kisu cha kazi peke yake auache. Anayetaka mti aanze kwa kupima kwa kalipa upana na unene wa mpini wa zamani pale unapokutana na bapa, na aviandike. Sababu yake itaonekana kwenye ala. Kisha bana bapa kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya mbao, pasua plastiki kwa msumeno wa chuma juu na chini mpaka uguse mkia, yaani sehemu ya bapa iliyozama ndani ya mpini, na uibandue kwa bisibisi. Usiichome moto. Moshi wake ni mbaya, na moto hauchagui kati ya plastiki na makali.

Utakuta mkia mfupi, usiofika mwisho wa mpini. Hili ndilo pungufu la kweli la kisu hiki kwa kazi za kupasua kuni, na mpini mpya hauliondoi. Chukua kipande cha mti mkavu kabisa cha milimita 120 kwa 40 kwa 30. Toboa matundu 3 ya milimita 3 yaliyopangana kwa upana wa mkia, yazidi urefu wake kwa milimita 5, kisha yaunganishe kwa kitupa chembamba. Tundu likilegea ndani si kitu, gundi italijaza. Linalotakiwa kubana ni mdomo wa mbele. Mdomo ukipanuka, uzibe kwa noleo, yaani kibati cha mbele ya mpini kinachopitisha mkia, la shaba nyeupe la milimita 3, nalo litaupa mpini uso safi.

Kwaruza mkia kwa msasa namba 80, ufute kwa asetoni, na usiuguse tena kwa vidole. Tumia epoksi ya saa 24. Ile ya dakika 5 inaanza kukauka kabla hujanyoosha bapa. Jaza tundu kutoka chini kwenda juu kwa kijiti, kisha sukuma mkia polepole, uutoe kidogo, uurudishe. Ukisukuma kwa pupa, hewa inanaswa ndani, na miezi michache baadaye mpini unaanza kucheza. Ukitaka kuweka pini, jaribu mkia kwa tupa kwanza: ikila, keekee ya kawaida itatoboa, ikiteleza, tafuta ncha ya kabaidi au achana na pini.

Rangi ya kijivu ya siki ni kazi ndogo. Osha bapa kwa sabuni, lizamishe kwenye siki ya moto kwa dakika 30, suuza kwa maji yenye soda ya kupikia, futa, paka mafuta. Noa upya baada ya hapo, maana asidi imekula ukali. Rangi hiyo inapunguza kutu tu; kisu kikiachwa kimelowa usiku kucha kitaamka na madoa ya rangi ya machungwa.

Ala ya kiwandani inashikilia kisu kwa kuubana mpini. Mpini mpya ukiwa mwembamba zaidi, kisu kinachomoka chenyewe. Ukiwa mnene, hakiingii. Ndiyo maana vile vipimo viliandikwa. Ukipenda mpini wa umbo jingine, shona ala ya ngozi ya milimita 3, ukiweka ukanda wa ngozi katikati ya mshono ili makali yasifikie uzi. Chagua ngozi iliyotiwa dawa ya magome ya miti. Ile ya kromu ina chumvi zinazokishikisha kutu chuma cha kaboni ndani ya ala, usipopaona.

Toleo nene la milimita 3.2 halifai kwa kuchonga, kwani mteremko wake unapasua mti badala ya kuukata. Na kama shida yako ni mpini wa mti tu, nunua bapa tupu lisilo na mpini, ambalo Morakniv wanaliuza pia, ujiepushie kazi ya msumeno.