Trela zito, mlima mrefu na dizeli ya zamani: ununue nini kwanza

Pikapu ya tani 4 ikivuta trela la tani 6, hizo ni tani 10 zinazotembea. Kwenye mteremko wa asilimia 6, yaani unaoshuka mita 6 kwa kila mita 100, ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, uzito huo unazalisha nguvu ya kilowati 98 hivi muda wote unaposhuka. Upepo na msuguano wa matairi vinameza kama 27. Zilizobaki, 70 na ushei, lazima zipate pa kwenda, na mahali ni pawili tu: injini au breki. Ni sawa na birika 35 za umeme zinazochemka kwa wakati mmoja, na birika zenyewe ni diski na ngoma zako.

Kwa hiyo kigezo changu cha kupanga vifaa hivi ni kimoja: kama pesa inatosha kitu kimoja tu, kipi kitakurudisha nyumbani? Wengi huanza na kifaa cha kuongeza nguvu ya kupandia. Mimi nimekiweka mwishoni.

Kuna vitu sikuvipa namba kwa sababu si ununuzi, ni madeni. Matairi ya trela yaliyozeeka ni deni, hata kama kashata (meno ya tairi) bado zimesimama. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016, na hilo usipande nalo mlima. Beringi za trela zisizojulikana zilipakwa grisi lini, nazo ni deni. Mafuta ya breki ndiyo deni linalosahaulika kuliko yote. Yananyonya unyevu kimyakimya, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. DOT 3 mpya hustahimili nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Ikishalowa, kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi sakafuni bila kupata kitu. Mimi lilinikuta katikati ya kona, na tangu siku hiyo mafuta ya breki nayabadilisha kila baada ya miaka miwili bila kumuuliza mtu. Lipa madeni hayo, kisha tuendelee.

1. Breki za trela zenyewe, pamoja na kontrola nzuri

Trela linalojisimamisha lenyewe ndiyo nusu ya vita. Kwenye trela zito utakutana na mifumo mitatu.

Wa kwanza ni breki za kusukumwa: trela likisukuma gari, ulimi unarudi nyuma na kubana breki. Hazihitaji waya. Kwenye tambarare zinafaa, lakini mlimani zina kasoro ya kimaumbile. Ukishuka kwa gia nzito trela linakusukuma njia nzima, kwa hiyo breki zake zinabaki zimebana na zinapata joto hata wakati hujagusa pedali. Kwa milima mirefu na mzigo mkubwa, siupendekezi.

Wa pili ni ngoma za umeme zenye sumaku. Ndizo zinazopatikana kirahisi, spea zake ni rahisi, na kwa watu wengi zinatosha. Wa tatu ni diski za haidroli zinazoendeshwa na pampu ya umeme iliyofungwa kwenye trela. Hizi ndizo bora kabisa, kwa kuwa diski inapoa haraka kuliko ngoma na inarudi kwenye hali yake ikishapata moto. Zinagharimu zaidi na zinahitaji kontrola inayoelewana nazo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Trela likizidi tani 5 na njia yako ni ya milima kila wiki, pesa hiyo inalipa.

Sasa kontrola, yaani kifaa cha ndani ya gari kinachoziamuru breki za trela, na hapa watu hubania pesa pasipotakiwa. Ya bei ya chini hufanya kazi kwa muda: ukigusa pedali inahesabu, inapandisha umeme hadi kiwango ulichoweka, basi. Haijui kama umegusa kidogo au umekanyaga kwa hofu. Ya uwiano inapima jinsi gari linavyopunguza mwendo na kulipatia trela breki ya kiasi hicho hicho. Nunua ya uwiano. Hakikisha pia ina kitufe au mkono wa kubana breki za trela peke yake, kwa sababu trela likianza kuyumba ndicho kinacholinyoosha. Ukikanyaga breki ya gari wakati huo, unaongeza balaa.

Kwenye gari la zamani, usisahau waya. Kila gurudumu lenye breki ya umeme linakula kama ampea 3, na waya mwembamba wenye kutu kwenye kiungo cha ardhi (waya wa hasi) unaiba volti kabla hazijafika. Nimeona kontrola ikirudishwa dukani kwa kuwa eti mbovu, kumbe tatizo ni boliti moja ya ardhi.

2. Breki ya ekzosti

Dizeli ya kawaida haina kizuizi cha hewa kwenye koo kama injini ya petroli. Ukiachia mafuta, injini inavuta hewa bila shida na haikushikilii sana. Breki ya ekzosti ni vali inayoziba bomba la moshi. Pistoni zinabaki zikisukuma hewa dhidi ya ukuta, na kazi hiyo inalishika gari. Joto linatoka kupitia rejeta na bomba badala ya kupikia diski zako.

Clessie Cummins, mwanzilishi wa kampuni ya injini yenye jina lake, alijifunza hili kwa njia ngumu. Mwaka 1931 alikuwa akishuka Cajon Pass huko California na lori la dizeli, breki zikaisha nguvu, na chini yake treni ilikuwa inakatiza barabara. Alinusurika. Miaka mingi baadaye alibuni breki ya injini inayofungua vali za moshi wakati wa mgandamizo, na mwaka 1961 kampuni ya Jacobs ikaiingiza sokoni. Hiyo ndiyo ile inayonguruma kwenye malori makubwa. Pikapu za zamani kwa kawaida hupata binamu yake mdogo, vali ya ekzosti, na kwa tani 10 binamu huyo anatosha.

Ila usinunue kabla hujajua unayo injini gani na giaboksi gani.

Cummins ya lita 5.9 yenye vali 12, iliyofungwa kwenye Dodge kuanzia 1989 hadi 1998, ina springi laini za vali. Msukumo mkubwa wa nyuma unaweza kufungua vali za moshi kwa nguvu, kwa hiyo ukitaka breki yenye meno weka springi ngumu kwanza. Kwenye giaboksi ya manyuo (ya kubadilisha gia kwa mkono), baada ya hapo mambo ni shwari. Kwenye otomatiki za Dodge za kipindi hicho, toki konveta (ile bakuli ya mafuta inayokaa mahali pa klachi) huachia ukiondoa mguu, na ikiachia, injini haishiki magurudumu vizuri. Lazima kuwe na njia ya kuifunga na presha ya kutosha ya oili, la sivyo utakuwa unanunua breki na kuua giaboksi kwa risiti moja.

Ford yenye injini ya Power Stroke ya lita 7.3 ina vali kwenye mdomo wa tabo (feni inayoendeshwa na moshi kusukuma hewa ndani ya injini) tangu kiwandani. Kazi yake ya asili ni kuipasha injini moto asubuhi za baridi, na wapo wanaoigeuza kuwa breki. Inasaidia kidogo, lakini haifikii iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Pikapu za Chevrolet na GMC zenye injini ya Duramax za kuanzia 2001 zenye giaboksi ya Allison hushusha gia zenyewe mteremkoni ukiwasha hali ya kukokota, kwa hiyo mwenye gari hilo anaweza kuishusha breki ya ekzosti hadi nafasi ya nne kwenye orodha yake.

3. Geji

Hiki ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapa, na karibu nikiweke namba moja. Dashibodi ya gari la zamani husema uongo wa heshima: mshale wa joto hukaa katikati hadi mambo yameharibika.

Geji ya kwanza ni ya joto la moshi. Kipimo chake kifungwe kwenye manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa injini), kabla ya tabo. Baada ya tabo joto hushuka, na kwenye mzigo mzito tofauti inaweza kupita nyuzi 100, kwa hiyo utasoma usalama usiokuwepo. Nyuzi 680 za Selsiasi ndizo ninazozichukua kama dari ya kupanda kwa muda mrefu. Zikikaribia, punguza mafuta au shusha gia. Juu mlimani mshale utapanda mapema zaidi, kwani kwenye mita 3,000 hewa ina kama asilimia 70 tu ya msukumo wa usawa wa bahari. Mafuta ni yale yale, hewa ya kuyaunguza na kuyapoza imepungua.

Ya pili ni joto la oili ya giaboksi, kama ni otomatiki. Chini ya nyuzi 95, kunywa chai. Ikipita 120, oili inaharibika na klachi za ndani zinaifuata. Mara nyingi dawa si kusimama, ni kushuka gia moja ili konveta ijifunge.

Ya tatu ni ya lazima kwa mwenye Cummins ya vali 24 ya 1998 hadi 2002: presha ya mafuta ya dizeli. Pampu kuu ya magari hayo, VP44, hupozwa na dizeli inayopita ndani yake. Pampu ndogo inayoilisha ikichoka, gari huendelea kutembea kama kawaida huku ile kubwa inakufa. Bila geji, utajua siku ya kununua mpya.

4. Upoozaji

Kabla ya kununua rejeta kubwa, fanya mambo mawili yasiyo na mbwembwe. Osha mapezi ya rejeta na ya interkula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo) kutoka upande wa injini, maana vumbi lililochanganyika na oili hujificha katikati na ukitazama kwa mbele hulioni. Kisha badilisha kifuniko cha rejeta. Kwenye mita 3,000 maji matupu huchemka kwenye nyuzi 90 hivi. Presha ya kifuniko ndiyo inayokuokoa, na springi iliyolegea haikuokoi.

Kisha feni. Klachi ya feni ikiwa nzima, utaisikia ikivuma gari linapopanda na joto likizidi. Ikikaa kimya mlima mzima, ishuku. Zima injini ikiwa ya moto na uizungushe feni kwa mkono, ukijihadhari na joto: ikizunguka huru mizunguko mingi, imekufa. Baada ya hapo ndipo ununue kipozeo cha ziada cha oili ya giaboksi, kikubwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Rejeta ya aluminiamu inayong'aa inaweza kusubiri.

5. Mifuko ya hewa na vyuma vya kugawa uzito

Mifuko ya hewa inainua mkia wa gari, taa zinaacha kumulika mawinguni, na watu wanaridhika. Lakini haiurudishi uzito kwenye ekseli ya mbele, ambako ndiko kuna usukani na breki nyingi. Vyuma vya kugawa uzito (fimbo za springi kati ya gari na trela) ndivyo vinavyourudisha. Na kabla ya vyote hivyo, panga mzigo ili ulimi wa trela ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Kupanga mzigo ni bure.

6. Chipu ya kuongeza nguvu

Cummins za kwanza za Dodge zilikuwa na nguvu za farasi 160, sawa na kilowati 119. Toa zinazopotea kwenye giaboksi na ekseli, utabaki na kama 100 magurudumuni. Kwa tani 10 kwenye mwinuko wa asilimia 6, hizo zinakupa kilomita 50 kwa saa. Basi hiyo ndiyo kasi ya gari lako, na halijaharibika. Kaa kulia au kushoto kulingana na sheria ya nchi, washa taa za hatari, waache wenye haraka wapite.

Chipu inaongeza mafuta. Hewa haiongezeki kwa kiwango hicho, na joto la moshi linaruka palepale kwenye mwinuko mrefu ambako ulikuwa umeshafika kwenye dari. Otomatiki ya zamani nayo haikutengenezwa kwa msokoto huo. Ukishafunga namba 1 hadi 4, geji ziko mbele ya macho yako na bado pesa imebaki, nunua yenye ngazi zinazochaguliwa, iache kwenye ngazi ya chini kabisa ukiwa na trela, na usimkabidhi ufunguo kijana wa nyumbani.

Vifaa vikishafungwa, safari ya kwanza nenda na trela tupu. Tafuta mteremko, ingia na gia ile ile ambayo ungeitumia kupandia au chini yake, iache breki ya ekzosti ishike, na gari likizidi mwendo uliojipangia, bana breki kwa nguvu hadi lipungue kilomita 8 au 10, kisha uachie kabisa zipumue. Ukifika chini simama pembeni, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu la trela bila kuligusa. Lililo la baridi kuliko wenzake halifanyi kazi. Rudi kwenye waya wa ardhi.